BARUA YA WAZI: Panya wenu mnamsikiliza pale mnapotaka tu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Kiwanda chetu cha rangi na thina (jina nalisitiri, wenyewe mnajijua),
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

YAH: KUPIMA USALAMA WETU KWA INI LA PANYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza shikamooni. Mimi ni msaidizi wa maabara hapo kiwandani, ndo yule wenzangu wanamwita mkemia ingawa nina diploma tu, kazi yangu napima thina kabla haijajazwa kwenye madumu na huu ni mwaka wangu wa tisa. Niliwaandikia mwezi wa pili, nikaandika tena mwezi wa tano, mwezi wa nane barua nikaipeleka kwa mkono mpaka kwa sekretari akanisainia kwenye kitabu cha dispachi. Jibu nililopata mara zote tatu ni la mdomo, "suala lako linafanyiwa kazi". Leo naliweka hadharani. Sio kwamba nataka kumchafua mtu, ningetaka hivyo jina la kiwanda lingekuwa hapo juu kwa herufi kubwa, ila kimya kimezidi na watu wanaendelea kuvuta hewa ileile.

Mtakumbuka semina ya usalama mliyotuandalia, ile ya kwenye kantini. Mtaalamu mliyemleta aliweka kwenye projekta karatasi ya usalama ya methanoli, ile alkoholi yenye sumu iliyomo kwenye thina yetu, akatuonyesha mstari wa LD50, kwamba dozi inayoua nusu ya panya kwa kumezwa ni miligramu 5,628 kwa kila kilo ya uzito, akasema hiyo ni namba kubwa sana ndugu zangu, kitu hiki hakina sumu ya kutisha, msinywe tu. Watu wakacheka, wakapiga makofi, tukaenda chai. Tuliporudi mama mmoja wa idara ya kujaza akauliza kuhusu rimuva, ile dawa ya kutolea rangi iliyoganda, kwamba amesikia ile methilini (methilini kloraidi) iliyomo inaleta kansa, na yule mtaalamu bila hata kupepesa jicho akajibu kwamba hizo ni habari za panya, mama usiogope, panya sio binadamu, ini lake linafanya kazi tofauti na letu.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Niliangalia huku na huku nione kama kuna mwenzangu kasikia nilichosikia. Yaani kabla ya chai panya alikuwa shahidi wa kuaminika, baada ya chai kawa hajui kitu.

Na kinachoniuma ni kwamba kuhusu ini alisema kweli. Maini hayafanani. Kemikali ikiingia mwilini, ini linaibadilisha kwa vimeng'enya vyake, na kila mnyama ana vya kwake, kwa wingi wake. Paka ukimpa kidonge kimoja cha Panadol unaweza kumuua, wakati wewe unameza viwili unalala, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuifunga ile dawa itoke na mkojo. Sumukuvu, ileile iliyoua watu 125 mashariki ya Kenya mwaka 2004, kipanya wa maabara haimpi kansa kirahisi maana ini lake lina kimeng'enya kinachoikamata haraka, lakini panya mkubwa inampa. (Kiswahili chetu wote ni panya, ila maabara wako wawili, mkubwa na yule mdogo, huyo mdogo namwita kipanya na sina maana ya Hiace.) Kwa hiyo tofauti ipo, sibishi. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo mnaikumbuka ikiwafaa tu, ikiwa inatufaa sisi mnaisahau. Nieleze moja moja.

1. Methanoli, na karatasi iliyobandikwa stoo

Ini la panya na ini letu yote yanaigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, halafu asidi ya fomiki, ile wanayorusha majimoto ukiwagusa kwenye mwembe. Mpaka hapo safari ni moja. Sasa hiyo asidi lazima iondolewe, na ini ili liiondoe linahitaji foleti, ile vitamini ya kwenye mboga za majani. Panya anayo ya kutosha kwenye ini, anaisafisha asidi kwa kasi karibu mara mbili ya tumbili, na sisi ini letu ni la jamii ya tumbili, sio la panya. Asidi inabaki inarundikana, damu inachacha, mshipa wa fahamu wa jicho unaharibika, mtu anaanza kuona ukungu mweupe halafu haoni tena. Hili limejulikana tangu miaka ya 1950, watafiti walipompa panya methanoli macho yake yakabaki mazima, wakaenda kwa tumbili ndo wakaona kinachowapata watu. Baadaye panya alinyimwa foleti kwenye chakula, naye akaugua kama sisi.

Hebu tupige hesabu ile ambayo mtaalamu hakupiga. Miligramu 5,628 zidisha kwa mtu wa kilo 70, unapata gramu 394, ambayo kwa methanoli ni karibu nusu lita. Ndo kusema ukimfuata panya, inabidi mtu anywe nusu lita kufika kwenye hatari. Binadamu halisi, wale walioandikwa kwenye vitabu vya hospitali, wapo waliokufa kwa mililita 30. Vijiko viwili vya chakula. Na mililita 10 tu imeshapofusha mtu. Novemba 2000 pale Mukuru, Nairobi, pombe ya kumi kumi yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 na wengine wakatoka vipofu, Mei 2014 ikaua tena Embu, Kiambu na kwingine, na Kabale kule Uganda mwaka 2010 ilikuwa waragi. Hao wote hawakupishana na kipimo cha panya kwa bahati mbaya, kipimo chenyewe hakikuwa chao.

Wenye mfumo wa kimataifa wa kuweka alama za hatari walishaliona hili. Kwa namba ya panya peke yake methanoli isingepata hata alama ya fuvu, ingepita kama kitu cha kawaida, ila waliiweka daraja la 3 la sumu, lenye fuvu na mifupa, kwa sababu ya ushahidi wa watu. Fuvu hilo lipo kwenye pipa linapotoka meli. Linapotea sisi tukishahamishia kwenye madumu yetu, na stoo imebandikwa karatasi ya njano yenye namba ya panya tu. Vijana wanaosha mikono kwa woshi thina, ile thina ya kusafishia yenye methanoli, kila jioni kabla ya kwenda kula, na methanoli inapita kwenye ngozi. Mbaya zaidi kuna wanaoiweka kwenye chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, imekaa pale mezani haina rangi, ina muonekano wa maji kabisa. Nishamwaga tatu kwa mkono wangu mwaka huu.

2. Methilini ya kwenye rimuva

Hapa kipanya alitoa ushahidi dhidi yenu ndo maana hamumtaki. Utafiti wa serikali ya Marekani uliotoka mwaka 1986 uliwavutisha vipanya methilini ppm 2,000 na 4,000 (ppm ni sehemu ngapi kwenye milioni moja za hewa) kwa miaka miwili, wakapata uvimbe wa ini na wa mapafu. Panya wakubwa hawakupata wa aina hiyo. Sababu ni ini tena, kipanya ana kimeng'enya kinaitwa GST kwa wingi sana, ndicho kinachoigeuza methilini kuwa kitu kinachochokoza vinasaba, panya mkubwa anacho kidogo na binadamu kidogo zaidi. Kwa hiyo mtaalamu wenu akisema sisi sio vipanya namuunga mkono. Lakini kidogo sio sifuri, na shirika la utafiti wa kansa la WHO walipokaa mwaka 2014, wakijua yote hayo kuhusu maini, bado waliiweka methilini kundi la 2A, yaani inaelekea kuwapa watu kansa.

Halafu kuna njia ya pili ambayo pale semina haikutajwa kabisa. Ini la binadamu lina kimeng'enya kingine kinachoichukua methilini na kuigeuza kaboni monoksaidi. Mnaijua hiyo hata kama jina ni geni, ndo hewa ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ile inayoua familia nzima usingizini kipindi cha baridi. Methilini inakufanya unabeba jiko la mkaa ndani ya mwili wako. Na kwa kuwa inajificha kwenye mafuta ya mwili, ukishatoka nje kwenye hewa safi ini linaendelea kuitengeneza ile hewa kwa masaa.

Sasa mtaelewa kilichompata kijana wa zamu ya usiku mwezi wa saba. Aliingia kwenye tanki la kuchanganyia kukwangua rangi iliyoganda, ana rimuva kwenye ndoo na barakoa ya vumbi, zile zilizobaki kipindi cha korona. Wenzake walimtoa kwa kamba. Zahanati walimbana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni kikasoma 98, wakasema yuko sawa huyu labda njaa, wakamtundikia dripu moja akarudi nyumbani, na kichwa kilimuuma mpaka kesho yake mchana. Kile kifaa cha kidole hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, vyote kinaviona vyekundu. Siwalaumu wale manesi, hakuna aliyewaambia kijana ametoka kwenye nini. Ripoti ya kiwandani iliandikwa "mfanyakazi alipata kizunguzungu kutokana na uchovu".

Marekani wamehesabu vifo 85 vya methilini kati ya 1980 na 2018, wengi wakiwa kazini, na kuna waliokutwa wameinamia bafu wakikwangua rangi kama yeye alivyoinamia tanki. Mwaka 2019 walipiga marufuku rimuva ya methilini kuuzwa kwa watu wa kawaida na 2024 wakafunga matumizi mengi yaliyobaki. Hakuna panya hata mmoja kwenye hivyo vifo.

3. Panya akinyamaza haimaanishi tuko salama

Hili nawaomba mlisome taratibu. Kuna kemikali ndugu wa methilini inaitwa dikloropropani. Mwaka 1999 shirika lilelile la kansa waliiweka kundi la 3, maana yake ushahidi hautoshi kusema chochote, kwa sababu ushahidi wa wanyama ulikuwa mdogo na kwa watu hakukuwa na habari. Huko Osaka, Japani, kiwanda kimoja cha uchapaji walikuwa wanasafishia mashine kwa hiyo hiyo kemikali pamoja na methilini, kwenye chumba kisichokuwa na hewa ya kutosha, miaka na miaka. Kansa ya njia ya nyongo ni ugonjwa adimu na kawaida ni wa wazee. Pale waliugua wafanyakazi 17, wengi bado vijana wa miaka thelathini na arobaini. Mwaka 2014 dikloropropani ikarukishwa kutoka kundi la 3 mpaka la 1, kabisa kule juu pamoja na sigara. Panya hakuwa amesema lolote kuhusu njia ya nyongo.

Na ili nisionekane nampiga vita panya, kuna siku alisema kweli na watu wakachelewa. Vinaili kloraidi ya kutengenezea plastiki ilimpa panya kansa maabara Italia, na mwaka 1974 ikajulikana wafanyakazi wa kiwanda cha Louisville, Kentucky wamekufa kwa kansa ya mishipa ya ini, ileile iliyoonekana kwa panya, adimu kuliko adimu.

4. Hata sisi wenyewe hatufanani

Kuna watu wamezaliwa hawana kabisa kile kimeng'enya cha GST na kuna wenye nacho mara mbili ya jirani yake kwenye mstari uleule. Anayekunywa pombe kila siku ini lake linakuwa na kile kimeng'enya kingine, cha kutengeneza kaboni monoksaidi, kwa wingi zaidi. Mama mjamzito, na idara ya kujaza karibu wote ni kina mama, mtoto wa tumboni damu yake inaishika kaboni monoksaidi kuliko damu ya mama. Namba moja ya panya haiwezi kuwabeba hawa wote.

Na hapa niseme kuhusu maziwa. Waheshimiwa, tunashukuru kwa pakiti ya maziwa kila siku, watoto wetu wanayanywa kwa kweli maana wengi tunabeba nyumbani. Lakini maziwa hayaondoi kitu ulichokivuta kwa pua, wala hayaongezi kasi ya ini. Kwenye bajeti yenu yameandikwa "kinga ya kemikali" na mimi nimeyaona kwa macho yangu.

5. Madumu matupu

Yanauzwa getini, anayekuja na mkokoteni ananunua. Anaenda kuwekea maji, mwingine gongo. Baada ya yote niliyoandika kwenye namba 1 sidhani kama nahitaji kuongeza.

Najua mtakachosema kwa sababu nimeshakisikia kwenye korido. Kwamba dunia nzima inatumia namba za panya, mimi nani. Ni kweli wanatumia, ila hawazibebi mbichi hivyo. Tangu mwaka 1954 wataalamu wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walipendekeza ukitoka kwa mnyama kuja kwa mtu ugawe kwa 100, kumi ya tofauti kati ya mnyama na mtu, kumi nyingine ya tofauti kati ya mtu na mtu, na hiyo wanagawia dozi ambayo haikumdhuru mnyama hata kidogo, sio dozi iliyoua nusu yao. Hata hivyo tufanye makosa kwa makusudi, tuchukue ile 5,628 tugawe kwa mia: mtu wa kilo 70 anapata kama mililita 5, kijiko cha chai. Kutoka nusu lita mpaka kijiko cha chai, kwa karatasi ileile, na hiyo ndo hesabu ya dakika moja ambayo mtaalamu aliyelipwa hakuifanya.

Mtasema hakuna aliyekufa hapa. Osaka nao walikuwa wanasema hivyo, kansa inachukua miaka, na wengi wetu ni vibarua, mkataba ukiisha mtu anarudi kwao Tabora au Lindi na akiugua huko nani atakuja kuwaambia. Mtasema gharama. Rimuva isiyo na methilini ipo, ya benzaili alkoholi, inakwangua polepole na ni ghali zaidi, hilo nakubali, bei yake niliwaambatanishia kwenye barua ya mwezi wa tano. Mtasema pia kwamba natafuta cheo. Sawa.

Ninachoomba ni hiki, ndani ya siku 30:

(a) Karatasi ya stoo itolewe, ibandikwe ya Kiswahili yenye dozi ya binadamu na alama ya fuvu, na kila dumu na kila ndoo iwe na jina la kilichomo. Chupa za maji zisiingie sehemu ya uzalishaji kabisa.

(b) Woshi thina ya kuoshea mikono isimame mara moja, tuwekewe sabuni ya mafundi, ile ya kusugua.

(c) Mtu asiingie kwenye tanki na methilini bila kupelekewa hewa kwa mpira kutoka nje na mwenzake amesimama juu. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke, na hata zile za makopo methilini inapenya mapema. Mkibadilisha rimuva, hatari hii ya methilini inakwisha.

(d) Hewa ipimwe. Marekani mwisho wao ulikuwa ppm 25 kwa zamu ya masaa 8 na sasa wameshusha sana, sisi sijui tupo ngapi kwa sababu miaka tisa sijaona kipimo. Waiteni OSHA, wakala wetu wa serikali wa usalama kazini, waiteni watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, kazi yao ndo hiyo, na matokeo yabandikwe pale kwenye saa ya kusaini.

(e) Kuwe na makubaliano ya maandishi na hospitali moja, yenye orodha ya kemikali zetu. Mtu wa methanoli anahitaji dawa ya kulizuia ini lisiibadilishe, fomepizoli au ethanoli anayopewa na daktari, na kuoshwa damu, na anahitaji mapema, maana macho yanaweza kuanza kuzima siku ya pili wakati alishasema yuko poa. Mtu wa methilini apimwe damu yenyewe, sio kidole.

(f) Tupimwe afya kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inavyotaka, na majibu tupewe wenyewe mkononi. Vibarua pia.

(g) Madumu matupu yatobolewe kabla hayajatoka getini. Msumari na nyundo vipo.

Siku 30 zikiisha bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala ya barua zote nne OSHA mwenyewe, na za dispachi ninazo zenye saini.

Jana jioni nimeongeza mstari chini ya ile karatasi ya njano pale stoo, kwa maka pen nyekundu: "Hiyo juu ni ya panya. Yako ni vijiko viwili." Kama mtaibandua naomba tu mbandike nyingine kabla zamu ya usiku haijaingia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa maabara, zamu ya asubuhi

Nakala:
- Kamati ya afya na usalama kazini (ambayo haijakaa tangu mwaka jana)
- Tawi la chama cha wafanyakazi
- Ubao wa kantini